Kutoka Sinema za Vugiri Hadi Simu Janja: Biolojia Inavyofundishika Milima ya Usambara

Ukimuuliza mwanachuo wa leo kwamba picha na sauti zilianza lini kutumika kufundishia hapa kwetu, atakutajia YouTube, Zoom na ile likizo ya lazima ya corona ya mwaka 2020. Ni wachache watakaokutajia Vugiri.

Vugiri ipo wilayani Korogwe, juu kwenye Milima ya Usambara. Mwaka 1935 ndipo palipowekwa makao ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa lugha yetu tuseme jaribio la sinema za elimu kwa Waafrika. Mkurugenzi wake alikuwa J. Merle Davis, na kazi ya kila siku waliifanya Leslie Notcutt na Geoffrey Latham. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Marekani, kwenye shirika la Carnegie. Hadi mradi unafungwa mwaka 1937, walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35, nyingi zikihusu kilimo na afya: minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, mbegu bora. Lori lenye projekta lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi, likionyesha sinema usiku, watu wakiwa wamekaa chini uwanjani.

Kwa hiyo somo la viumbe hai kwa picha na sauti lina takriban miaka 90 katika milima hii. Na bado, mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule nyingi za kata anaweza kuchora amiba safi kabisa, akazitaja sehemu zake zote, bila kuwahi kuweka tone la maji ya bwawa chini ya hadubini. Mwanafunzi huyo ndiye anayetusubiri tukienda TP. Wengine kati yetu tulikuwa yeye.

Makala haya yanaeleza jinsi picha, sauti na mtandao vinavyomfundisha mtu biolojia, mahali vinapokwama, na unachoweza kufanya ukiwa na simu yako na bando la kuungaunga. Hoja yangu ni moja. Kifaa kinafundisha pale kinapoonyesha kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, kinapomrudisha mwanafunzi kwenye kiumbe chenyewe, na anapokuwepo mtu wa kujibu maswali yake. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, kinachobaki ni burudani.

Filamu ya safura ilifundisha nini?

Tuchukue safura, moja ya mada za wale watu wa Vugiri. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Yakiangukia udongo wenye unyevu, joto na kivuli, huanguliwa na kuwa viluwiluwi vidogo mno. Baada ya siku kadhaa viluwiluwi hivyo huwa tayari kupenya ngozi, kwa kawaida mguuni kwa mtu anayetembea peku. Huingia kwenye damu, hupita kwenye moyo hadi kwenye mapafu, hupanda hadi kooni, humezwa, na mwisho hufika kwenye utumbo mwembamba. Hapo hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na mtu anaanza kuchoka, kupauka, na kuishiwa pumzi akipanda mlima.

Hebu fikiria kumweleza hayo mtu ambaye hajawahi kuona kiluwiluwi kimoja. Chooni haoni kitu, kwenye udongo haoni kitu, mguuni pengine anaona upele mdogo tu. Ugonjwa anaouhisi tumboni umeanzia kwenye nyayo, na kati ya hapo na pale kuna safari nzima isiyoonekana. Mchoro wa duara wenye mishale, ule tunaoukariri kwa ajili ya mtihani, unaonyesha vituo vya safari. Picha inayotembea inaonyesha safari yenyewe: kipi kinaanza, kipi kinafuata, na mtu angeweza kuikata wapi. Ukishaiona, choo na viatu vinaacha kuwa amri ya bwana afya na vinakuwa jambo lenye sababu.

Zile filamu zilikuwa na ufundi mmoja ambao sisi tumeupoteza. Zilikuwa filamu za milimita 16 zisizo na sauti, na maelezo yalirekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri. Picha ikawa moja na lugha zikawa nyingi: lori likifika mahali pengine, inabadilishwa sahani. Nitairudia hoja hii tukifika kwenye suala la Kiingereza.

Udhaifu wao pia tuuseme. Mradi ulikuwa wa kikoloni, na ulimchukulia mtazamaji kama chombo kitupu cha kujazwa. Katika miaka hiyohiyo maofisa wa sinema za kikoloni walipenda kusimulia kwamba Waafrika walipoonyeshwa mbu aliyekuzwa kwenye skrini walijibu, "Kwetu hakuna mbu wakubwa hivyo, kwa hiyo malaria yenu haituhusu." Walikisimulia kisa hicho kama kichekesho kuhusu akili ya mtazamaji. Kisome kama mwalimu wa biolojia uone kilivyo. Mtazamaji kaonyeshwa picha isiyo na kipimo, naye kauliza kuhusu kipimo. Swali hilo ni la kisayansi kabisa! Hata leo video nyingi zinaonyesha seli nyekundu ya damu na yai la kuku kwa ukubwa uleule wa skrini, kisha tunashangaa mwanafunzi akidhani seli inaonekana kwa macho.

Redio, kitabu na kikundi

Tanzania huru ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ikiratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ilidumu wiki 12, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Ilihusu magonjwa kama malaria, kichocho na hiyohiyo safura. Kabla yake kulikuwa na kampeni ya Wakati wa Furaha, na baadaye zikafuata Chakula ni Uhai mwaka 1975 na Misitu ni Mali mwaka 1980.

Ukiitazama kwa macho ya leo, Mtu ni Afya ilikuwa somo la midia anuwai kwa maana kamili. Kulikuwa na sauti, yaani kipindi cha redio. Kulikuwa na maandishi na michoro, yaani kitabu cha kikundi. Kulikuwa na watu: kikundi cha kijijini chenye kiongozi aliyepewa mafunzo. Na kulikuwa na kazi. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma, kikajadiliana kuhusu hali ya kijiji chao, kikaamua, kikaenda kufanya, iwe ni kuchimba choo, kufukia madimbwi au kufyeka majani kuzunguka nyumba.

Linganisha na lori la Vugiri. Lori lilikuja, likaonyesha, likaondoka. Aliyekuwa na swali la mbu mkubwa alibaki nalo. Kikundi cha mwaka 1973 kilikuwa na redio tu, kifaa duni kuliko projekta, lakini swali lilikuwa na mahali pa kwenda. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na asiye na wa kumuuliza naye hali yake ni hiyohiyo. Ndiyo maana unaweza kumaliza video 20 za usanisinuru usiku wa kuamkia UE na bado ukadaka sapu.

Kichwa kinavyopokea picha na maneno

Kwa nini picha na sauti vikikaa pamoja vinasaidia? Mtafiti anayetajwa sana katika jambo hili ni Richard Mayer wa Marekani, ambaye kitabu chake kuhusu ujifunzaji kwa midia anuwai kilitoka mwaka 2001. Maelezo yake, kwa ufupi, ni haya. Akili ina njia moja ya kupokea vinavyoonekana na nyingine ya kupokea vinavyosikika. Kila njia ni nyembamba, hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja. Mtu hujifunza anapochagua kilicho muhimu, akakipanga, akakiunganisha na anachokijua tayari.

Kutoka hapo zinapatikana kanuni ambazo hazihitaji fedha:

Kwanza, picha pamoja na maelezo ya mdomo ni bora kuliko maneno matupu. Ila ukionyesha picha, ukaongea, na papo hapo ukaweka aya nzima ya maandishi yaleyale kwenye skrini, umeziba njia. Macho yanashindwa kuchagua kati ya kusoma na kutazama. Wahadhiri wetu wa slaidi zenye mistari 20 wanajua ninachosema.

Pili, punguza mapambo. Muziki wa nyuma, vibonzo vinavyorukaruka na hadithi ya pembeni vinavutia lakini vinakula nafasi ya somo.

Tatu, kata vipandevipande. Video ya dakika 10 kuhusu mgawanyiko wa seli ikatwe mara nne, na kila ikisimama uulize, "Unadhani kitafuata nini?" Anayebashiri kabla ya kuona hukumbuka kuliko anayetazama tu.

Nne, weka jina karibu na kitu. Neno "kiini" likae kando ya kiini, lisikae chini ya ukurasa na namba 7.

Usambara iliyo mtandaoni

Sasa tuingie kwenye intaneti. Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na ni miongoni mwa sehemu za Afrika zilizochunguzwa kisayansi kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya biolojia na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki. Sampuli za mimea zilizokusanywa huko zilianzisha hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ambayo baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilihamishiwa Nairobi. Nyingine nyingi zilikuwa zimepelekwa Berlin. Mwezi Machi 1943 hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu, na sehemu kubwa ya sampuli hizo iliteketea.

Fikiria maana yake kwa mwanafunzi wa botania wa Lushoto. Mmea umeota mlimani kwako. Sampuli ambayo wanasayansi waliitumia kuupa jina ipo Ulaya au imeungua. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuhakikisha kama mmea wake ndio huo alihitaji tiketi ya ndege. Leo hebaria kubwa zimepiga picha karatasi zao na kuziweka mtandaoni. Mtandao wa GBIF, ulioanzishwa mwaka 2001 na wenye ofisi yake Copenhagen, unakusanya kumbukumbu za viumbe kutoka makumbusho na hebaria za dunia, na hapa nchini tawi lake, TanBIF, lipo COSTECH. Ukiandika jina la mmea unaona ramani ya ulikookotwa, mwaka, na mara nyingine picha ya karatasi yenyewe, na kwenye baadhi ya lebo utakuta hata jina la Kisambaa.

Mfano mzuri ni lile ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani hadi leo huliita Usambaraveilchen. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni huko Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Leo linauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, wakati ndugu zake wa porini wamebaki kwenye miamba yenye kivuli ndani ya misitu inayozidi kupungua. Mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, wataalamu waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Kwa hiyo kitabu cha zamani kitakupa jina moja na mtandao jingine. Usimwambie mwanafunzi kwamba kimoja kimekosea. Mwambie majina ya kisayansi ni hoja kuhusu undugu wa viumbe, na hoja hubadilika ushahidi mpya ukija. Somo zima la uainishaji unalipata kwenye ua moja.

Kinyonga, simu na mahali

Baada ya kumbukumbu za zamani kuna zile tunazoziweka wenyewe. Programu ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, inakuwezesha kupiga picha ya kiumbe, kuituma, na kupata pendekezo la jina, kwanza kutoka kwa kompyuta, kisha kutoka kwa watu. Ni zana nzuri sana ya kufundishia uainishaji, ila ijue ilivyo.

Chukua kinyonga wa pembe mbili. Jenasi yake inaitwa Kinyongia, jina lililotokana na neno letu la Kiswahili. Zamani vinyonga hawa wote walihesabiwa kuwa spishi moja, Kinyongia fischeri. Mwaka 2008 watafiti walitumia maumbile na vinasaba wakaonyesha kwamba ni spishi kadhaa. Wa Usambara Magharibi, upande wa Lushoto, ni Kinyongia multituberculata. Usambara Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, wapo Kinyongia vosseleri na Kinyongia matschiei. Bonde lile ni la chini na lina joto, na kinyonga wa msitu wa mlimani halivuki. Vizazi vikapita, huku wakawa hawa na kule wakawa wale.

Kompyuta inayotazama picha tu inaweza kuchanganya ndugu wa namna hii. Inafundishwa kwa picha nyingi, na viumbe wa eneo dogo kama letu wana picha chache. Mwanafunzi anayejua bonde la Lwengera liko wapi ana taarifa ambayo pikseli haina. Basi swali la darasani lisiwe "Apu imesema nini?" Liwe "Apu imesema hivi, unakubali? Kwa ushahidi gani?"

Kuna jambo jingine zito hapa. Vinyonga wa Usambara wamekuwa wakikamatwa na kuuzwa nje kama wanyama wa kufuga. Biashara ya kimataifa ya vinyonga hawa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Programu kama iNaturalist huficha mahali halisi pa viumbe walio hatarini na kuonyesha eneo pana tu. Kundi la WhatsApp halifichi kitu. Ukiposti picha na kuandika "nimemkuta kwenye mti wa tatu baada ya geti", umemchorea ramani mtu usiyemjua. Hilo nalo ni somo la biolojia, lifundishwe.

Sauti za msituni

Watu wakisema midia wanafikiria picha. Kwenye msitu wa mlimani picha ni ngumu, maana kuna ukungu, majani na kiza. Ndege wengi utawasikia kabla hujawaona, na wengine hutawaona kabisa. Tovuti ya xeno-canto, iliyoanza mwaka 2005, inahifadhi sauti za ndege kutoka duniani kote, na mtu yeyote anaweza kusikiliza au kuchangia. Mwalimu aliye jirani na msitu wa Magamba anaweza kupakua sauti tano, akazichezesha darasani, kisha akatoka na wanafunzi asubuhi wakasikilize ni zipi wanazitambua. Simu itoe sauti darasani tu. Ukienda nayo msituni ukacheza mlio wa dume mara kwa mara, dume wa eneo hilo anaacha kulisha makinda anakuja kupigana na adui asiyekuwepo.

Sauti zina faida nyingine ambayo tunaisahau. Irente, karibu kabisa na mji wa Lushoto, kuna shule ya wasioona. Kwa mwanafunzi asiyeona, video nzuri kuliko zote bila maelezo ni ukimya wenye muziki. Lakini mlio wa hondohondo, kelele za mbawa zake nzito akipita juu, jani la kushika na kunusa, ganda la mti la kupapasa: hivyo anavipata vyote. Na kwa mwanafunzi kiziwi mambo yanageuka, naye anahitaji maandishi chini ya video na mkalimani. Tukisema tumetengeneza somo la midia anuwai, tujiulize kwanza ni nani ameachwa nje.

Bando, umeme na lugha

Tuje kwenye uhalisia. Shule uliyopangiwa ipo mlimani. Umeme unakatika, mtandao unapatikana ukisimama penye jiwe fulani, na darasa lina wanafunzi wengi kuliko viti. Ufanyeje?

Pakua kabla ya kupanda. Programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima au sehemu yake, ikiwemo ya Kiswahili, na kuisoma bila intaneti. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya bure. Vipitie ukiwa bado na mtandao. Maigizo ya kompyuta ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, yanaweza kupakuliwa pia, na lile la uteuzi asilia linafaa sana kwa kidato cha nne. Video shusha kwa ubora wa chini. Seli haitakimbia kwa sababu umeiangalia kwa 360. Kisha rushianeni kwa Bluetooth au memori kadi, kama tunavyorushiana miziki.

Hadubini moja ikiwa nzima, inatosha. Weka kamera ya simu juu ya lenzi ya kutazamia, tulia, sogeza taratibu mpaka duara la mwanga lijae, piga picha. Ngozi ya kitunguu waliyoitayarisha wanafunzi wenyewe, ikapigwa picha na simu ya mwalimu na kuzungushwa darasani, ina thamani kuliko picha safi ya kitabuni, kwa sababu wanajua ilikotoka. Piga na rula ya milimita kwa ukuzaji uleule, ili lile swali la mbu wa miaka ya 1930 lipate jibu.

Halafu lugha. Mtoto wa Mlalo au Bumbuli anaweza kuwa ameongea Kisambaa nyumbani, akasoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza akakutana na biolojia kwa Kiingereza. Ukimwekea video ya msimulizi wa Kimarekani anayeongea mbiombio, unampa kazi mbili kwa wakati mmoja, kuelewa lugha na kuelewa figo. Hapa turudie ufundi wa sahani za Vugiri: zima sauti. Acha picha iende, wewe uisimulie kwa Kiswahili, simamisha, uliza. Mara ya pili isimulie kwa Kiingereza ukitaja yale maneno watakayoyahitaji kwenye mtihani. Ni video ileile, umebadilisha sahani tu. Wenzetu wa Ubongo Kids, waliotengeneza katuni za sayansi na hisabati kwa Kiswahili kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2014, wameshaonyesha kwamba lugha hii inabeba sayansi bila kulegea magoti.

Somo moja, mwanzo hadi mwisho

Tuyaunganishe yote kwenye mfano. Mada ni ikolojia, sehemu ni Amani. Kuna mti unaoitwa Maesopsis eminii. Waganda huuita musizi. Kwao ni upande wa Ziwa Viktoria na misitu ya magharibi zaidi. Usambara Mashariki ulipandwa na watu, kisha ukaingia wenyewe kwenye msitu wa asili, hasa mahali palipokatwa miti. Hondohondo humeza matunda yake na kudondosha mbegu mbali na mti mama.

Dakika 10 za kwanza, onyesha ramani ya GBIF uliyoihifadhi kwenye simu au kuichora ubaoni. Uliza mti huu umefikaje upande wa pili wa nchi. Andika kila jibu ubaoni, hata la kuchekesha. Dakika 5 zinazofuata, video ya hondohondo akila, bila sauti, wewe ukisimulia. Simamisha akiwa na tunda mdomoni na uliza mbegu itaangukia wapi.

Kisha toka nje. Kama unaingia ndani ya hifadhi, pata kibali cha TFS na uongozane na mtu wa hifadhi. Kama huingii, ukingo wa msitu unatosha. Kila kikundi kipime mraba wa mita 10 kwa 10, kihesabu miche ya mti huo na miche mingine, kipige picha za majani na kuandika majina wanayoyajua kwa Kisambaa. Mkirudi, wekeni namba ubaoni, chora grafu, kisha rudini kwenye yale majibu ya mwanzo: lipi limepata ushahidi na lipi bado?

Usipokuwa Amani, tumia magugu ya uwanja wa shule. Hatua ni zilezile: kitu kisichoonekana kutoka pale ulipo, kiumbe chenyewe, na mazungumzo.

Pendekezo kwa wenzangu

Kila mwaka wanachuo wanapanda Amani, Magamba na Mazumbai kwa ajili ya field. Mazumbai, msitu wa asili huko Usambara Magharibi, upo chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tunarudi na mamia ya picha kwenye simu. Tunaandika ripoti, tunapata alama, na picha zinafutwa simu ikijaa.

Napendekeza serikali ya wanafunzi, kwa kushirikiana na idara, iweke utaratibu mdogo tu. Kila kikundi cha field kitengeneze video tatu za dakika tatu tatu kwa Kiswahili, kila moja ikihusu kiumbe kimoja au mchakato mmoja waliouona, ikiwa na rula ndani ya picha na maandishi chini. Mhadhiri wa somo azikague kabla hazijatoka. Nakala moja ibaki maktaba, na nyingine iwekwe kwenye memori kadi na kukabidhiwa kwa mwalimu wa biolojia wa shule ya kata iliyo jirani na msitu uleule, pamoja na namba ya simu ya idara ambapo wanafunzi watatuma maswali yao.

Gharama yake ni memori kadi chache. Ile namba ya simu ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu kuna mtoto atatazama, atanyoosha kidole, na atauliza kwa nini kinyonga wa kwenye video hafanani na wa kwao. Anastahili jibu kabla ya mtihani wake wa kidato cha nne.